Kirungu cha Birika la Shaba

"Futa hilo."

"Mama, sijamaliza hata kusoma."

"Nimesikia panaponihusu. Futa."

Nazeli aliweka karatasi mezani, juu ya makombo ya mkate, akavua miwani. Alikuwa ametoka kwake asubuhi na mapema kuja Watertown kumsomea mama yake maneno ya bango kubwa la maonyesho. Alitegemea machozi ya furaha na kikombe cha kahawa. Kahawa aliipata.

Maonyesho yenyewe yalikuwa ya historia ya Birika la Shaba, ule mgahawa wa kahawa na muziki uliokuwa chini ya ardhi pale mji jirani wa Cambridge. Ulifunguliwa mwaka 1961 kwenye chumba kilichokuwa cha kufulia nguo, ukafungwa 1968. Nazeli alikuwa mfanyakazi wa maktaba ya mji, na miaka miwili mizima alihangaika kukusanya picha, vikombe, matangazo ya ukutani na kanda za muziki. Aliipata hata ile mashine ya kahawa, kubwa, ya shaba, yenye tai juu ya kifuniko. Baba yake, Wendell, naye alileta gita lake la zamani pamoja na kasha lake, akaagiza kijisanduku cha ndani ya kasha kisifunguliwe, eti kina nyuzi zenye kutu. Nazeli hakuchoka na kazi hiyo, maana baba na mama yake walipendana palepale, kwenye kaunta ya kahawa. Kwamba baadaye walichukiana, hilo hakuliandika kwenye bango.

Aliloandika ni hili: "Jumapili moja ya Februari 1964, mwimbaji Wendell Thorne alikuwa akiimba mbele ya mgeni wa kampuni ya santuri kutoka New York. Katikati ya wimbo, msichana wa kahawa, Araksi Tashjian, alisahau kupunguza mvuke. Mashine ikapiga kelele, ukumbi ukavurugika, mgeni akaondoka. Wendell hakupata tena nafasi kama ile."

"Nani kakwambia nilisahau?" Araksi aliuliza.

"Baba."

"Na mimi hukuniuliza."

"Mama, kila mtu anajua. Hata wewe mwenyewe hujawahi kukataa."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Araksi alikuwa na miaka sabini na tisa, na katika hiyo, hamsini na nane ameiishi kama mtu aliyemharibia mwenzake maisha. Watu wa rika lake waliopita Birika la Shaba wakimwona sokoni humsalimu vizuri, kisha humwangalia kwa huruma kidogo. Lakini kuzungumzwa ni jambo moja, na kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa maktaba ni jambo jingine. Wajukuu wangesoma. Wakija kusoma, yeye atakuwa kaburini, na hakuna atakayebaki wa kusema la.

"Maonyesho lini?"

"Jumamosi saa tisa alasiri. Leo Jumatano, Mama. Bango linakwenda kuchapwa Ijumaa jioni."

"Basi tuna siku mbili," alisema Araksi, akaanza kuondoa vyombo.

Msomaji, hapa lazima ujue desturi ya pale, la sivyo hutaelewa ugomvi wenyewe.

Birika la Shaba halikuuza pombe. Watu walikuja kusikiliza, na aliyepiga soga wakati mtu anaimba alitolewa nje bila kurudishiwa kiingilio. Shida ilikuwa mashine. Kila ikifunguliwa mvuke wa kuchemshia maziwa ilipiga mluzi wa kuudhi, na siku moja mwimbaji aliteremka jukwaani kwa hasira akaenda zake. Tangu hapo Hollis, mwenye mgahawa, akaweka sheria. Mashine ilikuwa na kishikio cha mbao cha kufungulia mvuke, mviringo, ukubwa wa limau, wenyewe wakikiita kirungu. Mwimbaji kabla ya kupanda jukwaani hupita kaunta, hukichomoa kirungu, hukitia mfukoni. Bila kirungu mvuke haufunguki, na bila mvuke hakuna kelele. Akimaliza wimbo mmoja hushuka, hugonga kirungu kaunta mara mbili, na msichana wa kahawa hujibu kwa sauti, "Nimepokea!" Ndipo hufungua mvuke kuupunguza, watu huagiza kahawa, gumzo huanza. Halafu kirungu hutolewa tena kwa wimbo unaofuata.

Ilibidi kiwe wimbo mmoja mmoja. Mashine ile ilikuwa kizee, imetiwa moto wa gesi chini, haijui kujizuia. Ukiiacha bila kuipunguza, mvuke hujaa mpaka valvu ya usalama ifunguke yenyewe, na hapo kelele yake husikika mpaka barabarani.

Kwenye kupokezana kirungu hicho ndiko mapenzi yalikoanzia. Araksi alikuwa binti wa fundi viatu, Muarmenia, macho makubwa na ulimi mwepesi. Wendell alikuwa mtoto wa mchungaji kutoka Maine, mrefu, mwembamba, na shati moja. Alipokuja kuchukua kirungu vidole vyake vilichelewa kuondoka juu ya vidole vya Araksi. Wateja wakaanza kucheka. Mwisho wa mwaka 1963 kila mtu aliwajua kama wachumba, ingawa pete ilikuwa haijatoka.

Kisha ikaja Jumapili ile. Wendell aliimba wimbo wa kwanza, ukashangiliwa sana, akaunganisha na wa pili, utenzi wa zamani wa beti kumi na moja. Kwenye ubeti wa saba mashine ikapasua ukumbi kwa kelele. Wendell alisema baadaye kwamba alishuka katikati ya nyimbo mbili, akarudisha kirungu, akagonga mara mbili kama sheria inavyotaka, ila Araksi alikuwa amezubaa, hakupunguza mvuke, na kwa hofu akakitupa kirungu kwenye makapi ya kahawa ili kuficha. Araksi hakukumbuka kukipokea. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, trei mbili mikononi, watu wakimwita kila upande. Aliyekuwa akimwambia hivyo alikuwa mtu anayempenda. Akaenda kwenye pipa akapekua makapi kwa mikono yake, mpaka kucha zikawa nyeusi. Kirungu hakikuonekana.

Wiki mbili baadaye Wendell alikuja nyumbani kwao na pete. Alisema mbele ya wazazi, "Nimemsamehe Araksi, na nataka kumuoa." Baba mtu alilia. Kanisa zima la Waarmenia likamsifu kijana kwa moyo mkubwa. Araksi akaingia kwenye ndoa kama mtu aliyesamehewa, na aliyesamehewa, kama mjuavyo, hana sauti. Chumvi ikizidi kwenye supu, "kama ulivyoniharibia Jumapili ile." Mtoto akilia usiku, Jumapili ile. Aliacha chuo cha uuguzi ili amfuate Wendell vijijini kwenye vijiukumbi vya watu ishirini, akimbebea spika. Baada ya miaka kumi na moja Wendell akaondoka na mpiga fidla wa Vermont. Mlangoni alimwambia mkewe, "Mimi nilikusamehe la kwako, nawe usinidai la kwangu."

Basi Jumatano hiyo, Nazeli alipoondoka, Araksi alichukua simu. Ilikuwa mara ya kwanza kumpigia Wendell kwa miaka tisa.

"Nani?"

"Araksi."

Kisha Wendell akacheka kile kicheko chake cha jukwaani.

"Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu. Nataka umwambie Nazeli afute yale maneno."

"Maneno gani?"

"Kwamba nilisahau."

"Kwani hukusahau?"

"Sijui, Wendell. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Baada ya wimbo wa kwanza, uliniletea kirungu?"

"Miaka hamsini na nane, mwanamke. Unanipigia simu kuuliza habari za kipande cha mbao?"

"Uliniletea?"

"Nilikuletea. Nimesema mara ngapi? Ukakipoteza, nikakusamehe. Wengine wangeshukuru." Akavuta pumzi. "Sasa sikiliza. Jumamosi naimba pale, watu wanakuja kwa ajili yangu. Ulishanivurugia Jumapili moja, inatosha. Usinivurugie na Jumamosi."

Akakata. Araksi akabaki ameshika simu, na kwa mara ya kwanza tangu awe msichana hakuhisi aibu. Alihisi hasira safi. Mtu mwenye haki angemcheka tu, angemwambia bibi umezeeka. Wendell alikuwa ameogopa. Aliishi naye miaka kumi na moja, aliijua ile pumzi.

Alimpigia binti yake hapohapo.

"Kanda za Hollis unazo zote?"

"Zote, ila ya Jumapili ile. Maboksi yana tarehe, hiyo haimo. Baba alisema Hollis aliichoma kwa hasira."

"Hollis alichoma kanda?" Araksi nusura acheke. Hollis, Mungu amrehemu, alikuwa bahili wa kutisha. Makapi ya kahawa aliyakausha dirishani akayapika tena siku ya pili. Na mtu huyo alikuwa akirekodi kila onyesho, lakini hakufungua kanda mpya mpaka ya zamani iishe mpaka inchi ya mwisho. Tarehe iliyoandikwa kwenye boksi ni ya siku kanda ilipoanzishwa tu. "Usitafute Jumapili, mwanangu. Tafuta Alhamisi iliyotangulia. Uiache iende mpaka mwisho."

"Mama, Alhamisi aliimba mtu wa banjo. Nimeisikiliza."

"Umeisikiliza yote?"

Nazeli akasema anarudi kwenye maboksi.

Alhamisi mchana ujumbe ukaingia. "Mama, nimeipata. Iko mwishoni mwa kanda ya mtu wa banjo. Nimesikia Hollis akitaja Jumapili, nikazima. Sitaki kusikiliza peke yangu. Nimemwita na baba. Kesho saa nne asubuhi."

Baada ya nusu saa ukaingia mwingine, kutoka namba ya Wendell. "Acha haya mambo. Mtoto ataumia."

Araksi alivaa miwani akajibu kwa kidole kimoja. "Mtoto ana miaka hamsini na sita."

Ijumaa saa nne walikutana kwenye ukumbi wa maktaba, wao watatu tu. Picha zilikwisha kutundikwa. Mashine ilikuwa juu ya kaunta ya mbao iliyotengenezwa kufanana na ile ya zamani, imesuguliwa mpaka inang'aa, na pale pa kirungu palikuwa na ncha tupu ya chuma. Gita la Wendell lilikuwa mezani ndani ya kasha lake. Wendell aliingia na skafu nyekundu shingoni, miaka themanini na moja na bado anatembea kama anaangaliwa. Alimbusu Nazeli, akamwinamishia Araksi kichwa tu.

"Umenenepa," alimwambia.

"Nakula kwa amani."

Nazeli aliwaomba wakae. Akabonyeza.

Kwanza ilikuja sauti ya Hollis, kavu, ikimtangaza Wendell. Kisha gita. Kisha sauti ya kijana ambayo Araksi alikuwa amesahau jinsi ilivyokuwa nzuri, na akamchukia zaidi kwa uzuri huo. Wimbo ukaisha. Makofi yakawa mengi, miluzi, mtu akipiga meza. Wote watatu walikuwa wanasubiri kitu kimoja: mbao juu ya mbao, mara mbili.

Haikuja. Ilikuja sauti ya Wendell, karibu kabisa na kipaza sauti, imejaa furaha: "Nawaimbia mwingine, kwa heshima ya bwana mgeni wetu wa New York."

Na nyuma yake, mbali, ikasikika sauti ya msichana. Ilikuwa ndogo, ya mtu anayejaribu kutovuruga.

"Wendell, kirungu. Wendell. Nipe kirungu kwanza."

Mtu akamwambia shii. Gita likaanza.

Araksi aliziba mdomo kwa mkono. Hakuikumbuka sauti hiyo. Miaka yote alijitetea moyoni kwa kusema sikumbuki, kumbe aliomba, tena mara mbili, na akanyamazishwa. Kwenye kanda kijana aliendelea kuimba, ubeti wa tano, ubeti wa sita. Kwenye wa saba ikaja ile kelele, kali, ndefu, viti vikiburutwa, mtu akipiga yowe. Kelele ilipopungua, Wendell wa kwenye kanda akasema taratibu, kwa lafudhi ya utani: "Msameheni msichana wa kahawa. Naona ameamua kuimba na mimi." Ukumbi mzima ukacheka.

Nazeli akazima.

"Sikukusikia," alisema Wendell. "Mtu akiwa jukwaani hasikii. Kwa hiyo sikushuka, sawa, nilichanganya kumbukumbu. Ni zamani."

"Ulisema ulishuka ukagonga mara mbili," Nazeli alimwambia. "Mimi umenisimulia tangu nikiwa mtoto. Ulikuwa ukigonga meza kunionyesha."

"Nilidhani nilishuka."

"Baba, basi kirungu kiko wapi?"

Macho ya Wendell yalikwenda mezani, kwenye kasha la gita, yakarudi upesi. Nazeli hakuona. Araksi aliona. Alinyanyuka kwa kushikilia kiti, akaenda mezani.

"Araksi, usifungue hicho."

Alikuwa amekwisha kufungua. Kwenye kijisanduku cha nyuzi, chini ya nyuzi zilizoshika kutu kweli, palikuwa na leso ya buluu imefungwa fundo. Alilifungua fundo kwa subira ya fundi viatu. Kirungu kilikuwa kidogo kuliko alivyokumbuka. Mbao yake imelainika, na pembeni bado ile alama ya moto ambayo yeye mwenyewe aliipiga siku alipokisahau karibu na jiko.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Cha Araksi kilikuwa mfukoni mwa mchumba wake.

"Lini ulijua?" aliuliza.

Wendell alivua skafu, akaikunja, akaikunjua. Akasema alikikuta Jumatatu asubuhi, alipotia mkono mfukoni kutafuta sarafu ya simu. Mgeni wa New York alikuwa ameshapanda treni.

"Siulizi habari za mgeni. Nauliza habari zangu mimi. Nilikuwa umbali wa vituo vitatu vya basi."

"Nilikuja kukwambia. Haki ya Mungu, Araksi. Siku ile nilipokuja kwenu nilikuwa na kirungu mfuko mmoja na pete mfuko mwingine. Baba yako akafungua mlango, na kabla sijasema kitu akanishika mikono, akaanza kuniomba radhi kwa niaba yako. Mzee wa watu analia. Ningesemaje?"

"Ungesema: mzee, usilie, mwenye kosa ni mimi."

"Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Niliona nikitoa pete mambo yamekwisha."

"Yaani ulinisamehe kosa lako mwenyewe."

Wendell aliikunja tena skafu.

"Ulinisamehe kosa lako," alirudia Araksi, "ukanioa kwa huo msamaha, ukanilaza nao miaka kumi na moja. Nimekubebea spika kwenye theluji nikidhani nalipa. Nimeacha uuguzi. Baba yangu amekufa akiwa na aibu juu yangu. Ulikaa kwenye mazishi yake, mstari wa mbele, kirungu kikiwa nyumbani kwenye kasha lako."

"Nilikupenda."

"Ulipenda kusamehe. Mimi nilikuwa karibu tu."

Nazeli alikuwa analia kimyakimya, kichwa amekiinamia kile chombo cha kuchezea kanda. Alikwenda akachukua karatasi ya bango akaichana vipande viwili, kisha akamuuliza mama yake aandike nini. Akasema yuko tayari pia kuondoa picha ya baba, gita, kila kitu, na kesho amwambie asije.

"La," alisema Araksi. "Aje. Historia ni yake pia. Ila haimbi kabla hajarudisha alichochukua. Sheria ya Hollis anaijua."

"Mbele ya watu wote?" Wendell aliuliza.

"Ulinicheka mbele ya watu wangapi?"

Wendell akasema hafanyi upuuzi huo. Akasema yeye ni mzee, ana moyo mbovu, na kwamba watu wawili waliozaa pamoja hawavuani nguo hadharani. Araksi alikifunga kirungu kwenye leso yake, akakirudisha kijisandukuni, akafunika kasha. Akamwambia ni hiari yake. Asipofanya, kanda itachezwa kwenye spika za ukumbi saa tisa na dakika tano.

Jumamosi walijaa. Walikuja wazee wa rika lile na fimbo zao na nywele nyeupe, walioimba pale na waliokuwa wakiosha vikombe, wajukuu wakiwashika mikono. Walilia mbele ya picha na kubishana nani alikaa wapi. Bango kubwa lilikuwa limefunikwa kitambaa. Araksi alivaa gauni la kijani, akasimama nyuma ya kaunta, kando ya mashine. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Walimwangalia kwa ile huruma yao ya siku zote.

Saa tisa na dakika mbili Wendell aliinuka na gita lake. Watu wakapiga makofi. Alikwenda mpaka kwenye jukwaa dogo, akaweka mguu mmoja juu, akageuka akamtazama Nazeli aliyesimama kando ya spika. Akatazama saa ya ukutani. Kisha akauteremsha mguu, akatembea polepole mpaka kwenye kaunta. Alitia mkono mfukoni.

Waliojua desturi ya pale waliona kirungu kabla ya wengine, na mmoja wao, mama mmoja aliyewahi kuwa mpishi wa keki pale, alisema kwa sauti, "Kumbe alikuwa nacho."

"Sikushuka siku ile," Wendell alisema. Sauti ya jukwaani haikutoka, ilitoka ya mzee. "Nilikuwa nacho mfukoni. Aliniomba, sikumpa. Nikawaambia ninyi kwamba kosa ni lake, na nilijua si lake tangu kesho yake. Hakusahau. Araksi hakusahau kitu."

Akagonga kirungu kaunta, mara mbili.

Wazee wale wote walijua jibu linalofuata, na walilingoja. Araksi hakuharakisha. Alimtazama uso wake, makunyanzi, yule kijana wa Maine akiwa mahali fulani humo ndani, na akamwonea uchungu, lakini alijiuliza kama anamtaka akaona hapana. Akanyoosha mkono, akachukua kirungu. Vidole vya Wendell, kama zamani, vilichelewa kuondoka. Araksi akavisukuma.

"Nimepokea," alisema, kwa sauti kubwa, na watu wakapiga makofi mpaka fimbo zikaanguka.

Alikipachika kirungu kwenye ncha yake, kikakaa bila shida. Nazeli akavuta kitambaa. Bango lilisema kwamba Jumapili ile ya Februari kirungu kilikuwa mfukoni mwa mwimbaji, na kwamba msichana wa kahawa alikiomba mara mbili. Watu walisogea kulisoma, na wengi wakaja kaunta kumshika Araksi mkono. Mama wa keki alimwomba radhi kwa kicheko cha siku ile, akasema alicheka kwa sababu wote walicheka.

Wendell alingoja mpaka wakapungua. Akaegemea kaunta, karibu, kama alivyokuwa akiegemea zamani.

"Basi yamekwisha, Araksi," alisema. "Umenipokea."

"Nimepokea kirungu, Wendell," alimjibu. "Wewe sijakupokea."

Akavaa koti lake, akamwambia Nazeli kwamba njaa inamuuma, na wakatoka pamoja kwenda kula Watertown.